Mwimbaji Mwenye Mafua

Je, msomaji, umewahi kutoa santuri za wazazi kabatini, ukazipangusa vumbi, ukazipiga kwa kikuza sauti ulichojiundia mwenyewe, kisha ukasikia kitu usichokitambua? Mimi yamenipata. Mama alisikiliza kidogo tu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, huyu siye tuliyekuwa tukimcheza. Huyu ana mafua." Nusura nizigawe santuri zile kwa wachuuzi, kumbe kosa lilikuwa langu.

Santuri inapochongwa, sauti nzito hupunguzwa ili mfuo usiwe mpana kupita kiasi, nazo sauti nyembamba huongezwa ili zifunike mkwaruzo. Kipimo kinachofuatwa ni kile cha chama cha RIAA cha Marekani, cha mwaka 1954. Kikuza sauti chako hakina budi kugeuza kazi hiyo: ukilinganisha na hezi 1,000, sauti ya hezi 20 ipandishwe desibeli 19 hivi, na ile ya 20,000 ishushwe karibu 20.

Kazi hiyo hufanywa na rezista mbili na kapasita mbili katika njia inayorudisha sauti nyuma. Kila rezista hukaa ubavuni mwa kapasita yake, na jozi hizo mbili hufuatana. Hesabu yake haitishi, maana kiloomu mara nanofaradi hukupa mikrosekunde. Jozi ya kwanza yataka 3,180, ya pili 75, na rezista ya kwanza iwe kubwa mara 11.78 kuliko ya pili. Kwa hiyo kapasita ya nanofaradi 10 yaenda na rezista ya kiloomu 318; ya pili ni kiloomu 27 na nanofaradi 2.78.

Mimi dukani nilikosa ya 2.7, nikachukua ya 4.7 kwa uvivu. Sauti nyembamba zikashuka karibu desibeli 3 zaidi ya inavyotakiwa. Hayo ndiyo mafua!

Lakini hata ukinunua sawasawa, usiamini maandishi. Kapasita iliyoandikwa 10 yaweza kuwa 9 au 11, ilhali rezista za kosa la asilimia 1 ni rahisi kupata. Basi zima umeme, chomoa mguu mmoja wa kapasita, uipime kwanza, ndipo uchague rezista. Yangu ilikuwa 9.4. Nikagawa 3,180 kwa 9.4, nikapata kiloomu 338: nikaunga 330 na 8.2 zifuatane. Rezista ya pili ikawa 28.7, nami nikatosheka na 27 na 1.8. Kapasita yake, 2.6, niliipata kwa kuweka 2.2 na 0.39 ubavu kwa ubavu. (Zote ziwe za plastiki, zile za kauri za bei rahisi hubadilika kwa joto.) Na kama kikuza sauti ni cha pande mbili, pima kila upande peke yake.

Jumapili iliyofuata nilimwita mama tena. Alisikiliza wimbo hadi mwisho, akaniambia nigeuze upande wa pili.