Poland na vodka ya viazi: Zao linapungua, ladha bado inatetewa

Watu wengi huamini kwamba vodka ni pombe ya viazi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vodka inayouzwa duniani hutokana na nafaka: ngano, shayiri, mahindi, na rai, ile nafaka ya nchi za baridi ambayo unga wake huoka mikate myeusi. Vodka ya viazi ni sehemu ndogo tu ya soko, na miongoni mwa nchi zinazoishikilia kwa dhati ni Poland, jirani wa Ujerumani upande wa mashariki.

Kwa Wapoland, suala hili limekuwa zito kiasi cha kufikishwa mbele ya Bunge la Ulaya. Swali lililobishaniwa huko ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: ikiwa vodka ni kinywaji kisicho na rangi, kilichosafishwa hadi kukaribia kupoteza harufu yake yote, kuna haja gani ya kujali kilitokana na zao gani?

Kiazi kilivyoingia mtamboni

Kiazi mviringo asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika ardhi ya Poland kilienea mashambani katika karne ya 18, na katika karne ya 19 kikawa malighafi kubwa ya mitambo ya pombe iliyojengwa kwenye mashamba ya mabwanyenye. Hali ilikuwa hiyohiyo katika mashamba ya Prussia ya wakati huo.

Sababu yake ilikuwa ya kiuchumi. Katika udongo wa kichanga usio na rutuba, hekta moja ya viazi ilitoa wanga mwingi kuliko hekta moja ya nafaka. Lakini kiazi ni kizito, kimejaa maji, na huoza upesi. Kukisafirisha mbali kwa mkokoteni ilikuwa hasara. Kilipogeuzwa kuwa kileo kikali, mzigo wa magunia mengi uliingia katika pipa moja lisilooza. Machicha yaliyobaki yalilisha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe hao ikarudishwa shambani kukuza viazi vya msimu uliofuata. Hakuna kilichopotea. Ndiyo maana mtambo wa kijijini haukuwa kiwanda cha pombe tu, bali moyo wa shamba zima.

Kutoka kiazi hadi chupa

Kazi huanza kwa kuviosha viazi, kisha kuvipika kwa mvuke wenye shinikizo mpaka vipasuke na kuwa kama uji mzito. Uji huo hupoozwa kiasi, halafu huongezwa kimea cha shayiri, au, kama ilivyo kawaida siku hizi, vimeng'enya vilivyotayarishwa viwandani. Hatua hii ni ya lazima, kwa sababu hamira haiwezi kula wanga. Ni lazima kwanza wanga ugeuzwe kuwa sukari. Anayejua jinsi pombe za nafaka zinavyotengenezwa Afrika Mashariki ataitambua kazi ya kimea mara moja.

Baada ya kupoozwa zaidi, hutiwa hamira. Kwa muda wa siku mbili tatu uji huchacha na kuwa pombe hafifu isiyofikia asilimia 10 ya alkoholi. Kisha hufuata ukenekaji, yaani kuichemsha pombe hiyo ndani ya minara mirefu ya chuma na kuukusanya mvuke wake. Alkoholi huchemka mapema kuliko maji, hivyo hutangulia kupanda.

Kwa desturi ya Poland, mitambo ya vijijini hutoa kileo ghafi chenye takriban asilimia 90 ya alkoholi, na viwanda vikubwa hukikeneka tena mpaka kifikie asilimia 96. Mwisho huongezwa maji safi ili kishuke hadi asilimia 40 hivi. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kushuka chini ya asilimia 37.5. Wengi huchuja kwa mkaa kabla ya kujaza chupa.

Suala la methanoli

Ganda na nyama ya kiazi vina pektini, na pektini inapovunjika hutoa methanoli, alkoholi yenye sumu inayoweza kupofusha na kuua. Kwa hiyo mtengenezaji wa vodka ya viazi hulazimika kuwa mwangalifu zaidi katika kuitenga. Kanuni za Ulaya zinaruhusu vodka iwe na methanoli isiyozidi gramu 10 kwa kila lita 100 za alkoholi halisi, kiwango kidogo mno kisichoweza kumdhuru mnywaji.

Maafa yanayosikika kwenye habari huwa na chanzo kingine. Mwaka 2012 watu zaidi ya 40 walikufa katika Jamhuri ya Czech, nchi inayopakana na Poland, baada ya kunywa pombe bandia, na serikali ikapiga marufuku kwa muda uuzaji wa vileo vikali. Kenya nayo ilipoteza makumi ya watu mwezi Mei 2014. Katika matukio yote mawili lawama ziliangukia methanoli ya viwandani iliyochanganywa kwenye pombe, si zao lililochachushwa.

Hesabu isiyompendelea kiazi

Kiazi kina maji takriban robo tatu ya uzito wake, na wanga wa asilimia kati ya 14 na 20 hivi. Kilo 100 za viazi hutoa karibu lita 10 za alkoholi halisi. Kilo 100 za ngano hutoa zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Kwa maneno mengine, chupa ya kawaida ya Ulaya yenye ujazo wa mililita 700 inahitaji takriban kilo 3 za viazi, ilhali ngano haifiki hata kilo moja.

Zaidi ya hayo, nafaka iliyokaushwa hukaa ghalani mwaka mzima, na kiwanda kinaweza kufanya kazi bila kusimama. Viazi hutaka kupikwa kabla havijachipua au kuoza. Huu ndio ugumu uliowafanya watengenezaji wengi wakiache kiazi na kuhamia kwenye nafaka. Aliyebaki na viazi leo hawezi kushindana kwa bei ya chini kabisa. Lazima awe na kitu kingine cha kumshawishi mnunuzi. Kitu hicho ni ladha.

Je, tofauti inaonjeka?

Wataalamu wa kuonja huisifu vodka ya viazi kwa uzito wake mdomoni: huteleza kama kitu chenye mafuta kidogo, yenye utamu wa mbali na harufu hafifu ya udongo. Ya rai huwa kali, yenye kuwasha kidogo kama pilipili manga, na kukumbusha mkate mweusi. Ya ngano huwa nyepesi na laini, na hupita upesi.

Mfano unaosaidia kulinganisha ni wa kampuni ya Chopin, yenye mtambo wake Krzesk, mashariki mwa Poland. Kampuni hiyo hutengeneza vodka tatu, moja ya viazi, moja ya rai na moja ya ngano, kila moja kwa zao moja tu. Anayezionja pamoja anaweza kupima kilicholetwa na zao lenyewe. Luksusowa, jina la Kipoland lenye maana ya kitu cha anasa, ilianza mwaka 1928 na ni ya viazi pia, ingawa bei yake ni ya kawaida na wengi huitumia kuchanganyia vinywaji vingine.

Nje ya Poland, mfano mashuhuri ni Karlsson's Gold ya Sweden. Ilibuniwa na Börje Karlsson, mtaalamu yuleyule aliyehusika kuunda Absolut, ambayo ni vodka ya ngano. Safari hii alichagua viazi vichanga vya rasi ya Bjäre, kusini mwa nchi hiyo, na kuvikeneka mara moja tu ili ladha ibaki. Uingereza nako, mkulima William Chase, aliyekuwa akikaanga viazi vya kuuzwa pakitini, alianza kutengeneza vodka kutokana na viazi vya Herefordshire mwaka 2008. Miaka miwili baadaye ilitangazwa kuwa vodka bora katika mashindano ya kimataifa ya San Francisco.

Mifano hii inaonyesha kwamba sifa ya "kukenekwa mara nyingi", inayopendwa na matangazo, inakata pande mbili. Kila mzunguko huondoa uchafu, lakini huondoa pia kile kinachotofautisha kiazi na ngano. Ubaridi nao huficha: vodka iliyotoka kwenye barafu huzima ulimi. Anayetaka kulinganisha kwa haki huonja kidogo kidogo, pasipo barafu wala sharubati.

Vita vya vodka

Mwaka 2006 na 2007, Umoja wa Ulaya ulipokuwa ukiandika upya sheria ya vileo vikali, Poland, Finland, Sweden na nchi za Baltiki zilidai kwamba jina la vodka litumike tu kwa kileo cha nafaka, viazi au mabaki ya sukari ya viazisukari. Hoja yao ilikuwa wazi: wiski inalindwa kuwa ya nafaka na ramu kuwa ya miwa, basi kwa nini vodka iwe ya chochote? Nchi nyingine, Uingereza ikiwamo, zilipinga. Wakati huo tayari Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vodka ya zabibu iitwayo Cîroc.

Suluhu iliyosimamiwa na mbunge wa Ujerumani, Horst Schnellhardt, ilipitishwa na Bunge la Ulaya Juni 2007 na kuwa sheria Januari 2008. Vodka inaweza kutokana na zao lolote la kilimo, lakini ile isiyo ya nafaka wala viazi lazima itaje malighafi yake kwenye lebo. Poland haikupata yote iliyoyataka. Kanuni mpya ya mwaka 2019 iliuacha msingi huo kama ulivyo.

Poland ilijibu kwa sheria yake ya ndani. Tangu mwaka 2013, jina "Polska Wódka" linaruhusiwa tu kwa vodka iliyotengenezwa Poland kwa nafaka tano zilizotajwa au viazi, vyote vilivyolimwa humo humo nchini. Hata Marekani, ambako kwa miongo mingi vodka ilielezwa kisheria kuwa kinywaji kisicho na ladha wala harufu bainifu, maelezo hayo yaliondolewa mwaka 2020.

Lebo na shamba

Katika miaka ya 1960, Poland ililima viazi kwenye zaidi ya hekta milioni 2. Leo eneo hilo halifiki hekta 300,000. Mifugo sasa hulishwa vyakula vingine, watu hula viazi vichache, na mitambo mingi ya vijijini imefungwa.

Hapo ndipo lebo inapopata uzito wake. Sheria inamlazimisha mtengenezaji wa vodka ya zabibu ataje zabibu, lakini haimlazimishi wa nafaka au wa viazi aseme ni kipi kati ya hivyo viwili. Chupa isiyotaja zao, mara nyingi ni ya nafaka. Anayetaka ya viazi hana budi kutafuta neno "ziemniak", yaani kiazi kwa Kipoland, pamoja na alama ya Polska Wódka. Ni maneno machache kwenye karatasi ndogo, lakini kwa mkulima anayevuna viazi vya mtambo kwenye udongo wa kichanga, ndiyo yanayoamua kama mwakani atapanda tena.