Vidonge Vitamu na Miaka Mitano ya Kwanza

"Hakulia alipozaliwa." Historia za watoto wengi wenye mtindio wa ubongo huku kwetu Afrika Mashariki huanza kwa maneno hayo, mama akimweleza mhudumu wa kliniki ya mazoezi. Nyingine huanza na manjano iliyompanda mtoto siku chache baada ya kuzaliwa na hakuna aliyeitilia maanani. Nyingine huanza baadaye kabisa: mtoto ameshajifunza kutembea, kisha malaria ikampanda kichwani. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, uliwapitia watoto zaidi ya 31,000 na kukuta karibu 3 katika kila 1,000 wana hali hii. Kama robo yao ubongo uliumia baada ya uchanga kupita, na malaria ndiyo iliyoongoza kuwaumiza.

Jeraha lenyewe la ubongo haliendelei. Likishatokea limetokea, haliongezeki, wala halifutiki. Kinachobadilika kila mwezi ni mwili. Mara nyingi ubongo ulioumia hushindwa kuituliza misuli, nayo hubaki imekaza kutwa nzima. Mifupa ya mtoto inarefuka, misuli iliyokaza hairefuki kwa kasi hiyo, na viungo vinaanza kujipinda: kisigino hakigusi chini, magoti hayanyooki, mapaja yanapishana. Kwa takribani mtoto mmoja kati ya watatu, kichwa cha mfupa wa paja huanza kuchomoka kwenye nyonga pole pole, na eksirei huweza kukiona kabla mtoto hajaanza kulia kwa maumivu.

Kwa hiyo daktari anaposema "hakuna dawa ya kuponya hali hii", anasema kweli. Lakini mara nyingi huisema kweli hiyo kwa dakika tano, foleni ikiwa ndefu nje, na mama hutoka akiwa amesikia kwamba hakuna la kufanya. Hapo ndipo safari ya kutafuta huanza: kwa mganga, kwenye maombi, na siku hizi kwa mtaalamu wa homeopathi, ambaye humkalisha mama saa nzima na kumuuliza mtoto analalaje, anaogopa nini, anapenda chakula gani, mimba ilikuwaje. Kwa wengi ni mara ya kwanza mtu kuwasikiliza hivyo. Kisha hutolewa vidonge vidogo vitamu.

Vidonge hivyo vina asili yake. Mwaka 1790 daktari wa Ujerumani, Samuel Hahnemann, alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen alipoamua kumeza mwenyewe gome la mkwinini. Alihisi dalili alizozifananisha na homa za vipindi, akahitimisha kwamba kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani humponya mgonjwa mwenye dalili hizo, kikitolewa kwa kiasi kidogo. Zama hizo madaktari waliwatoa wagonjwa damu na kuwapa zebaki. Mgonjwa aliyepewa maji matupu na kuachwa apumzike alikuwa na bahati kuliko jirani yake, na sifa ya homeopathi ilikua katika mazingira hayo.

Kiasi hicho kidogo ni kidogo kiasi gani? Chupa iliyoandikwa 30C ina maana tone moja la dawa limechanganywa na matone 99 ya maji au kileo, likatikiswa. Tone moja la mchanganyiko huo likatiwa tena kwenye matone 99, na hivyo hivyo mara 30. Ikifika hatua ya 12, hakuna tena tumaini la kukuta hata molekuli moja ya kitu cha mwanzo. Kuifikia hatua ya 13 kwa mkupuo mmoja, tone lile lingehitaji maji mengi kuliko yaliyomo kwenye bahari zote za dunia, na bado kuna hatua 17. Hahnemann hakuweza kulijua hilo. Josef Loschmidt alikadiria ukubwa wa molekuli mwaka 1865, miaka 22 baada ya Hahnemann kufariki. Sisi tunalijua. Na baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipochambua ushahidi wote na kutoa ripoti mwaka 2015, halikupata ugonjwa hata mmoja ambao homeopathi imethibitishwa kuutibu.

Mzazi atajibu, na ana haki ya kujibu: "Mwanangu alianza vidonge akiwa hakai, leo anakaa." Simpingi. Mtoto amekaa kweli. Swali ni nini kilichomkalisha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwafuatilia watoto 657 wenye mtindio wa ubongo, na mwaka 2002 wakachora mikondo ya ukuaji wao. Mtoto hufikia karibu asilimia 90 ya uwezo wake wa kukaa, kutambaa na kutembea kabla ya umri wa miaka 5. Wenye hali nzito hufika mapema zaidi, kabla ya kutimiza miaka 3. Miaka hiyo hiyo ambayo wazazi huhangaika kutafuta tiba ndiyo miaka ambayo mtoto yuko kwenye kupanda. Chochote atakachopewa wakati huo kitaonekana kimemsaidia.

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili haukutokana na homeopathi. Huko Quebec, watoto 111 wenye mtindio wa ubongo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekwa kwenye chumba cha oksijeni yenye mgandamizo mkubwa, jingine likapewa hewa ya kawaida yenye mgandamizo mdogo tu, na wazazi hawakujua mtoto wao yuko kundi lipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: makundi yote mawili yaliendelea vizuri, na kwa kiasi kile kile. Lau lisingekuwepo kundi la pili, oksijeni ingepewa sifa zote kwa ushuhuda wa wazazi wakweli kabisa. Utafiti mdogo wa Iran, uliochapishwa mwaka 2008, uliongeza homeopathi juu ya mazoezi ya watoto waliokakamaa misuli. Haikuonekana tofauti ya maana na wale waliofanya mazoezi peke yake.

Naumia ninapomsikia mama akiishukuru chupa. Miezi yote hiyo alikuwa akimkalisha mtoto kwenye kona ya mito, akimnyooshea kikombe ili akifuate kwa mkono, akimlisha uji kijiko kwa kijiko kwa saa nzima. Kazi ilikuwa yake na ya mtoto.

Vidonge vyenyewe mara nyingi ni sukari tu, ingawa mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya vidonge vya homeopathi vya watoto wanaoota meno vilikuwa na beladona, mmea wenye sumu, kwa viwango visivyolingana na vilivyoandikwa. Hatari iliyo karibu zaidi nasi ni nyingine. Theluthi ya watoto wenye mtindio wa ubongo, au zaidi, wana kifafa pia. Mama akiambiwa aache fenobabitoni, dawa ya kifafa, ili "mwili usafike", na akaiacha ghafla, degedege inaweza kurudi na isikatike. Mtoto anaweza kufa usiku huo, au kuamka akiwa amepoteza yale machache aliyokuwa ameyapata.

Hospitali nazo zijisahihishe. Uchambuzi mkubwa wa tafiti ulioongozwa na Iona Novak wa Australia mwaka 2020 ulionyesha kwamba kumlaza mtoto na kumvutavuta miguu, jambo ambalo bado huitwa mazoezi katika kliniki nyingi, peke yake halimsaidii. Kinachosaidia ni mtoto mwenyewe kufanya: kurudia mara nyingi, nyumbani, kitendo anachokitaka, kama kushika kijiko, kujigeuza, au kumfikia dada yake mkekani. Husaidia pia kupigwa eksirei za nyonga kwa wakati, na kuvaa plasta au kifaa cha kunyoosha kifundo cha mguu.

Iganga na Mayuge hazikuishia kwenye kuhesabu watoto. Mpango uitwao Akwenda uliwakutanisha wazazi kwa vikundi, wahudumu wakawatembelea majumbani na kuwafundisha namna ya kumlisha mtoto akiwa ameketi wima ili chakula kisiingie kwenye mapafu, namna ya kuwasiliana na asiyesema, na viti vikatengenezwa na mafundi wa huko huko. Wazazi walipewa muda mrefu wa kusikilizwa, pamoja na ujuzi wa kwenda nao nyumbani.

Mama ambaye bado anataka kuvipata vile vidonge asikaripiwe, maana akikaripiwa ataficha. Amwambie daktari anachompa mtoto. Dawa ya kifafa isipunguzwe wala kuachwa bila aliyeiandika kujua. Siku ya kliniki ya mazoezi ikigongana na siku ya homeopathi, aende kliniki.