Ghuba ya Mwanza: Maji ya kunywa, hifadhi na uchafu mahali pamoja

MKAZI wa Mwanza anayefungua bomba nyumbani na mgeni anayepanda boti kwenda Kisiwa cha Saanane wanategemea maji yale yale. Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria ni chanzo cha maji ya jiji, makazi ya wanyama na mahali pa mapumziko. Kwa bahati mbaya, ndiyo pia inayopokea uchafu wa jiji hilo.

Saanane ilianza mwaka 1964 ikiwa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 ikawa Hifadhi ya Taifa. Eneo lake ni kilometa za mraba 2.18 tu, lakini wamo swala pala, pimbi, mamba, kenge na ndege wengi. Jirani yake, Capri Point, upo mtambo wa kusafisha maji ya jiji. Kusini zaidi, huko Ihelele wilayani Misungwi, maji ya ziwa husukumwa hadi Shinyanga na Kahama kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009.

Tatizo huanzia nchi kavu. Mvua inyeshapo, Mto Mirongo unaokatiza jijini hubeba taka, tope na maji ya vyoo hadi ziwani. Nyumba nyingi za vilimani zimejengwa juu ya miamba, ambako kuchimba shimo la choo ni kazi ngumu.

Uchafu huo una naitrojeni na fosforasi, ambazo ni mbolea kwa mwani na magugu maji. Mwani ukizidi huziba machujio na kuongeza gharama ya dawa mtamboni. Unapooza humaliza oksijeni, na samaki hufa.

Waogeleaji nao wamo hatarini. Mayai ya kichocho hufika ziwani kwa mkojo au kinyesi cha binadamu. Vimelea hukua ndani ya konokono wa kandokando ya maji, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu.

Kwa sababu hiyo, mabomba membamba ya majitaka yaliyoanza kulazwa katika mitaa ya vilimani yana thamani kubwa kuliko yanavyoonekana. Mtambo husafisha maji ya bombani peke yake. Muogeleaji na samaki hawana mtambo. Kinga yao ni choo kilichounganishwa vema huko mlimani.