Shabaha kwa Posta: Mchezo Usio na Mtazamaji

Katika shule moja niliyosoma nilipokuwa kijana, siku ya michezo ilipokwisha, karatasi ya hesabu ya pointi ilipotea. Mabweni mawili yalidai kikombe kimoja, na ugomvi wa siku ile haukutulia mpaka shule ikafungwa. Hakuna aliyeiba kitu. Mtu mmoja tu hakuitunza karatasi aliyokabidhiwa. Tangu siku ile, na hata sasa nikiwa karani wa Serikali ambaye kazi yake ni kutunza karatasi za watu, nimejua kwamba mchezo hauishi katika mbio na nguvu peke yake. Huishi pia katika hesabu iliyoandikwa vizuri na kuaminiwa na pande zote.

Kwa sababu hiyo nataka kuwaeleza wasomaji habari za mchezo mmoja ambao karibu wote ni karatasi na uaminifu. Nao ni mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ndogo, kama unavyochezwa na vyama vidogo vya Uingereza. Sisi tumezoea kuiona bunduki mkononi mwa askari, na hapa Kenya mtu haruhusiwi kumiliki bunduki bila cheti. Basi huenda wengi wakastaajabu kusikia kwamba huko seremala, mwalimu wa shule na dereva wa basi hukutana jioni baada ya kazi ili kulenga karatasi, na kwamba mengi ya mashindano yao hupita katika sanduku la posta.

Chanzo cha vyama hivi

Waingereza walipopigana na Makaburu katika Afrika ya Kusini, mwaka 1899 hata 1902, waligundua jambo lililowatia aibu. Vijana wengi waliotoka katika miji yao mikubwa hawakuwa wamewahi kushika bunduki, lakini Makaburu walikuwa wakulima na wawindaji waliojua kulenga tangu utoto. Jemadari Lord Roberts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza katika vita hivyo mwaka 1900, aliona kwamba dawa yake si kambi za askari tu, bali mahali pa kujifunzia karibu na nyumba za watu. Mwaka 1901 ukaundwa umoja wa vyama vya shabaha vya wafanyakazi, naye akauunga mkono kwa nguvu. Mwaka 1903 umoja huo ulibadilisha jina, na tangu mwaka 1947 umeitwa National Small-bore Rifle Association.

Siri ya kufaulu kwake ilikuwa gharama ndogo. Bunduki ya vita yataka kiwanja cha mamia ya yadi, na risasi zake ni ghali. Bunduki ndogo hutumia risasi nyembamba kuliko penseli, na shabaha yake ya ndani ya nyumba huwekwa umbali wa yadi 25, karibu sawa na urefu wa kiwanja cha tenisi. Kwa hiyo banda refu, au chumba cha chini ya jumba la mikutano, au ghala lisilotumika, liliweza kuwa kiwanja cha shabaha. Fundi wa kiwandani aliweza kulipa ada yake na bado akapeleka mkate nyumbani.

Kiwanja hutengenezwa namna gani

Lakini msomaji asidhani kwamba kila banda refu lafaa. Risasi ya bunduki ndogo, ijapokuwa ndogo, yaweza kwenda zaidi ya maili moja ikikosa kizuizi. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo halmashauri ya chama hujiuliza si, "Nani hodari wa kulenga?" bali, "Risasi ikipita shabaha, itaishia wapi?"

Jibu la kawaida ni bamba nene la chuma lililosimamishwa nyuma ya shabaha, juu yake likiinamia upande wa walengaji. Risasi ikiligonga huteremshwa chini kwenye mchanga, ikafia humo. Jambo hili laonekana rahisi, lakini lina kazi yake. Mchanga ukikaa muda mrefu bila kuchekechwa hujaa risasi, na risasi mpya ikikuta risasi nzee yaweza kuruka na kurudi ilikotoka. Ndiyo maana katika chama chenye nidhamu utawakuta wanachama siku ya mapumziko wakiwa na chekeche na koleo, wakitenga risasi na mchanga. Mlengaji bora wa chama naye hushika koleo kama wengine.

Swali la pili ni nani atakayekwenda kubadilisha karatasi za shabaha. Zamani mtu alitembea mpaka mwisho wa kiwanja kuzibandika, huku wenzake wakiwa wameweka bunduki chini. Baadaye vyama vingi viliweka kamba na magurudumu madogo, hata karatasi ikawa yaenda na kurudi yenyewe na mlengaji asiondoke mahali pake. Tengenezo hili halipendezi macho kama kupaka ukuta rangi mpya, lakini kila mtu asiyevuka mstari wa walengaji ni hatari moja iliyoondolewa.

Swali la tatu ni hewa, na hili lilichelewa kueleweka. Risasi hutengenezwa kwa madini ya risasi, na kila mlio huacha hewani vumbi jembamba na moshi wenye sumu. Mtu akivuta vumbi hilo mwaka baada ya mwaka, huingia katika damu yake na kudhuru mishipa ya fahamu na figo. Watoto hudhurika zaidi, hata kwa vumbi lililoletwa nyumbani katika nguo za baba. Kwa hiyo kiwanja cha ndani kilichotengenezwa vizuri huingiza hewa safi kutoka nyuma ya walengaji, ikaupeleka moshi mbele kuelekea shabaha na kuutoa nje. Sakafu haifagiliwi kwa ufagio mkavu, maana ufagio huyainua yale yaliyokwisha kutua. Haliwi chakula ndani, na kila mtu hunawa mikono kabla ya kwenda zake.

Mwisho ni taa. Shabaha yapaswa kuangazwa sawasawa bila kivuli, ili aliyepangiwa nafasi ya pembeni asishindwe kwa sababu ya giza. Hapo msomaji ataona kwamba matengenezo ya kiwanja yana makusudi mawili tu: watu warudi nyumbani salama, na wote wapate nafasi iliyo sawa.

Mashindano bila kukutana

Sasa nije kwenye jambo lililonivuta kuandika. Chama cha kijiji kina watu wachache na fedha chache. Hakiwezi kusafiri kila wiki kwenda kushindana na chama kilicho umbali wa maili 200. Kwa hiyo vyama hivi vilijiwekea mashindano kwa posta.

Utaratibu wake ni huu. Mwenye kusimamia mashindano hupeleka kadi za shabaha kwa kila chama kabla ya msimu, na kila kadi ina alama yake ili isibadilishwe na nyingine. Katika kadi moja kuna duara 10, na kila duara hupigwa risasi moja tu. Katikati ya duara pana pointi 10, mahali padogo kuliko sarafu ya shilingi. Kwa hiyo kadi isiyo na kosa ni pointi 100. Mlengaji hupiga kadi yake katika kiwanja cha kwao kabla ya tarehe iliyowekwa, mwenzake akisimama kando kama shahidi. Kisha wote wawili hutia sahihi, kadi ikafungwa katika bahasha na kupelekwa kwa mwamuzi. Mwamuzi hana haja ya kuwajua. Huchukua kioo cha kukuzia na kipimo cha tundu, akapima, akaandika. Anayeona kwamba hakutendewa haki aweza kuomba kadi yake ipimwe tena.

Walengaji hupangwa kwa madaraja kufuatana na wastani wa pointi zao. Mwenye wastani wa 85 hapambanishwi na mwenye 98, bali na wenzake wa 84 na 86. Kwa njia hii mzee mwenye miwani na msichana anayeanza kujifunza kila mmoja hupata mashindano ya kweli, na kila wiki hungojea barua ya matokeo kwa hamu.

Nawaomba wasomaji wafikiri jambo moja. Mtu amelala juu ya mkeka wake usiku, nje mvua yanyesha. Amekwisha kupiga risasi 9, zote katikati. Ya kumi, mkono ukatikisika, akapata 7. Hakuna umati wa kumwona wala mpinzani aliye karibu. Shahidi wake ni rafiki yake, tena ni wa timu ile ile, naye atafurahi chama kikishinda. Ni kitu gani kinachowazuia wasiitupe kadi ile na kutafuta njia ya kupiga nyingine? Alama za kadi huzuia kidogo. Lakini palipo na watu wawili waliokubaliana kudanganya, alama haitoshi. Kinachozuia ni kwamba mtu yule, akitia sahihi ya uongo, atakuwa ameshinda mchezo ambao haupo tena. Kila chama huamini kwamba chama cha mbali kinafanya vile vile, na imani hiyo ikivunjika hakuna tena mashindano, ni barua tu zinazokwenda na kurudi.

Kutoka kijiji mpaka ng'ambo

Utaratibu huu haukubaki vijijini. Mwaka 1909 Sir Thomas Dewar alitoa kikombe cha kushindaniwa na mataifa kwa bunduki ndogo, nacho huitwa kwa jina lake. Kila timu ina walengaji 20, na kila mmoja hupiga risasi 20 kwa umbali wa yadi 50 na risasi 20 kwa yadi 100. Waingereza walipiga kwao na Wamarekani walipiga kwao, bahari ikiwa katikati, na kila upande uliweka mwakilishi wake ng'ambo ya pili awe shahidi. Hii ni kadi ile ile ya kijiji, ila imevuka maji.

Tena asiwepo wa kusema kwamba pointi moja si kitu. Mwaka 1930, katika kiwanja kikubwa cha Bisley, ambako mashindano makuu ya bunduki za Uingereza yamefanywa tangu mwaka 1890, mwanamke mmoja, Marjorie Foster, alishinda tuzo ya Mfalme. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuishinda. Alimpita mwanajeshi aliyemfuata kwa pointi moja tu. Fikiri basi juu ya wale watu waliokuwa handakini chini ya shabaha, wasioonekana na mtu, kazi yao ikiwa kuonyesha kila risasi ilipopiga. Mmoja wao angalionyesha vibaya mara moja tu, kwa uvivu au kwa chuki, jina lile lisingeandikwa. Siku ile mshindi alishangiliwa kwa kelele, na watu wa handakini walikung'uta vumbi wakaenda zao.

Siku hizi viko viwanja ambavyo mitambo ya umeme hutambua risasi ilipopita na kuonyesha pointi papo hapo. Hilo ni jema. Lakini hata mtambo hutengenezwa, hupimwa na kuangaliwa na mtu, na mtu huyo yapasa aaminike.

Mimi si mlengaji, wala siwahimizi wasomaji kutafuta bunduki. Nalisema hili kwa ajili ya vyama vyetu vya mpira, vya ushirika na vya kuweka akiba, ambavyo mara nyingi hatuvifahamu ila kwa kikombe na sherehe. Tuulize pia ni nani aliyechekecha mchanga, ni nani aliyetengeneza taa, na ni nani aliyetia sahihi yake chini ya hesabu ya kweli, ingawa hesabu ile ilikishinda chama chake mwenyewe. Karatasi iliyopotea shuleni kwetu haikuwa na thamani ya senti kumi. Lakini mabweni yale mawili hayakucheza pamoja tena mwaka ule.