Protini iko wapi? Somo lianzie kwenye chungu cha nyumbani

Muulize mwanafunzi wa 5e primaire pale Kasongo: chakula chenye kujenga mwili ni kipi? Atajibu haraka, juu amekariri: nyama, samaki, mayai, maziwa. Muulize sasa jana usiku kwao walikula nini. Bugali na sombe. Mtoto hatasema kitu, lakini kichwani amekwisha kufunga hesabu: kwetu hakuna chakula chenye kujenga mwili. Somo limemfundisha kudharau chungu cha mama yake, na tena limemfundisha uongo.

Masomoni kwetu vyakula vinagawanywa mafungu matatu: vyenye kujenga mwili, vyenye kutia nguvu, vyenye kulinda mwili. Mgawanyo huo ni muzuri, hatuukatai. Shida ni kwamba mara nyingi nyama inakaa mbele, na maharagi na karanga zinatajwa mwishoni, mbio mbio, kama chakula cha watu wenye wamekosa. Sisi tungetaka mwalimu ageuze: aanzie kwenye karanga, kisha awatembeze watoto dunia nzima.

Kwanza tuelewane protini ni nini. Ni kile chakula kinaleta kwa kujenga nyama ya mwili, damu, ngozi, nywele. Inatengenezwa na vipande vidogo vyenye wataalamu wanaita asidi amino. Viko 20, na 9 kati yao mwili wa mtu hauwezi kuvitengeneza wenyewe, lazima viingie kwa mdomo. Ninyi wenye kushuka shimoni mtaelewa upesi: ukiwa na nguzo nyingi lakini boriti hakuna, shimo haisimami. Mchele uko na upungufu wa kipande kimoja, lisini. Maharagi yako nayo mingi, lakini yanapungukiwa na kingine, metionini, chenye mchele unacho. Ukivila vyote viwili, kimoja kinasaidia kingine. Si lazima vikae kwenye sahani moja. Siku moja inatosha.

Wali na maharagi, basi. Watu wa Brazili wanakula hivyo karibu kila siku, tajiri na maskini. Kule Nikaragua na Kostarika wanavichanganya kwenye kikaango kimoja, wanaita gallo pinto, na wanabishana ni inchi gani ilianza. Wahindi wanakula wali na dengu. Wamisri wanachanganya mchele, dengu na makaroni, wanauza barabarani, jina lake koshari. Meksiko wanatia maharagi ndani ya chapati ya mahindi. Kenya wanachemsha mahindi na maharagi pamoja, njo githeri. Waethiopia wa kanisa la Orthodox wanafunga karibu siku 200 kwa mwaka bila nyama, bila maziwa, bila mayai; wanakula shiro, mchuzi wa unga wa dengu au maharagi, na wanalima, wanajenga, wanakimbia marathoni. Hakuna mtu anawaambia hawa wote kwamba wanakula chakula cha kukosa.

Na mchele, sisi wa Maniema ya kusini tuko nao. Watu wa pwani waliuleta katika karne ya 19, wakati Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip, na mpaka leo unalimwa. Wanafunzi wa Kasongo wangependa kusikia kwamba wali wao na wali wa Zanzibar ni ndugu.

Hesabu nayo iingie. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku. Gramu 100 za unga wa muhogo zinatoa chini ya gramu 2. Mchele mbichi, kipimo kile kile, unatoa karibu 7. Maharagi makavu, zaidi ya 20. Karanga, karibu 25. Soya, karibu 36. Yai moja, 6 hivi. Mwalimu aandike hizo namba ubaoni, kisha aulize: baba akila nusu kilo ya unga wa muhogo kwa siku na mchuzi mtupu, amepata ngapi? Watoto watapata jibu wenyewe, hata 10 haifiki. Tumbo limejaa, mwili haukupata kitu.

Hapo tunafika kwenye jambo lenye linatuuma. Kwenye machantier, kuanzia Salamabila na Namoya mpaka vijiji vya ndani vya Kabambare, vijana wengi wameacha shamba. Chakula kinafika kwa pikipiki na baiskeli, bei inapanda na matope ya barabara. Siku dhahabu imetoka, mchimbaji anakula mbuzi na bia. Wiki yenye inafuata ni bugali na chumvi. Nyumbani mama anangojea franga, na mtoto mwenye ametolewa ziwa, juu mdogo wake amezaliwa, anapewa uji mweupe wa muhogo asubuhi na mangaribi.

Mtoto wa namna hiyo daktari Cicely Williams aliwaona wengi kule Gold Coast, Ghana ya leo. Aliandika habari yao mwaka 1933, na mwaka 1935 akatumia jina lenye mama wa kule walimpa: kwashiorkor, neno la lugha ya Kiga, ugonjwa wa mtoto mwenye mdogo wake amezaliwa. Angalia vile wale mama walikuwa wameelewa mbele ya wataalamu. Kule Kivu watu wanasema bwaki. Miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu na kunyofoka, ngozi inabanduka, mtoto hataki kucheza. Wataalamu wa leo wanasema ukosefu wa protini si sababu ya pekee. Magonjwa yanaingia pia, na surua ikipita kwa mtoto mwenye anakula vibaya, mara nyingi njo inamsukuma. Kasongo inajua mambo ya surua: matokeo ya chanjo yake kwa watoto wa hapa, yenye yalifuatiliwa na Projet Kasongo pamoja na Institut de Médecine Tropicale ya Anvers, yalitoka katika gazeti la waganga The Lancet mwaka 1981.

Baba mwenye anarudi kutoka chantier anaweza kuona mashavu yamejaa, aseme mtoto amenona. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu pole pole mpaka tatu. Shimo la kidole likibaki pande zote mbili, ni siku ile ile kwenye centre de santé. Kwa mganga wa uchawi hapana, wala kungojea kesho. Na hata mtoto wa 6e primaire anaweza kujifunza kupima mdogo wake namna hiyo.

Turudi darasani. Kuna jambo moja tunaomba walimu walikwepe: kumuuliza kila mtoto mbele ya wenzake jana amekula nini. Kuna wenye hawakula. Bora kuuliza bibi yako alikuwa anapika nini wakati wa sikukuu. Hapo mikono yote inapanda, na vitu vinatoka: samaki wa Lualaba, ndagala, kuku, kumbikumbi, viwavi, mafunza ya mngazi. Ngulube pia, na hapo darasa la Kasongo linachangamka, juu kwenye benchi moja wanakaa mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikatoliki. Hakuna haja ya kuzima mabishano. Ngulube ni haramu kwa huyu. Mhindi mwingi hagusi ng'ombe. Mfaransa anakula konokono. Mperu wa milimani anakula kobayi, na ndugu zetu wa Kivu ya Kusini wanafuga kobayi hizo hizo jikoni. Kila watu wako na kile wanakula na kile wanakataa, na wote wanapata protini.

Kuhusu wadudu, mtoto asione haya. FAO ilitoa kitabu mwaka 2013 chenye kusema watu karibu milioni elfu mbili duniani wanakula wadudu kwa desturi, na aina zake zinapita 1,900. Meksiko wanakaanga panzi, Thailand wanafuga nyenje.

Desturi moja lakini tunaibishia. Katika familia nyingi, mama mwenye mimba na watoto wadogo wanakatazwa mayai, au kipande kizuri kinabaki kwa baba. Wao njo wenye wanakihitaji kuliko wote.

Na sombe? Jani bichi la muhogo liko na protini karibu gramu 7 kwa 100, kuliko muhogo wenyewe. Liko na sumu pia: lazima litwangwe vizuri, lichemshwe muda mrefu, chungu kikiwa wazi mvuke utoke. Kisha mama anatia karanga za kutwanga, na kama mfuko unaruhusu, kopo ndogo ya ndagala. Mtoto wa miaka miwili apewe sombe hiyo kwanza, mbele ya bugali, tumbo lake dogo likiwa bado na fasi.