Itunze Pikipiki Yako Mwenyewe Nyumbani

Msomaji mkulima, ng'ombe akikosa maji siku mbili, maziwa hupungua nawe hutambua sababu mara moja. Pikipiki haikuonyi namna hiyo. Itaendelea kubeba mikebe ya maziwa, magunia ya mbolea na viazi vya soko, mpaka asubuhi moja isimame katikati ya njia. Siku hiyo hasara yako si malipo ya fundi peke yake. Maziwa yakikaa katika joto, vijidudu huzaliana upesi sana. Ukifika kituoni umechelewa, mpokeaji atayapima kwa alkoholi, nayo yakiganda utarudi nayo nyumbani. Kazi ya jana na ya leo imepotea kwa sababu ya cheni iliyokosa mafuta.

Hatusemi kwamba kila mkulima awe fundi. Tunasema kwamba kazi nyingi za kuitunza pikipiki ni ndogo, hazihitaji nguvu wala elimu kubwa, nazo zaweza kufanywa uani kwako na baba, mama au kijana aliyemaliza shule. Maelezo haya ni ya pikipiki za petroli zenye cheni, za CC 100 hadi 150, ambazo ndizo nyingi mashambani kwetu. Mwenye skuta isiyo na cheni, au pikipiki ya umeme, ataacha yasiyomhusu, lakini matairi na breki ni mamoja kwa wote.

VITU VYA KUWA NAVYO

Tafuta spana chache zinazotosha nati za pikipiki yako, spana ya plagi, bisibisi, geji ya kupimia upepo, brashi kuukuu, matambara safi na mafuta ya taa kidogo. Zaidi ya hivyo vyote, kitafute kitabu kilichokuja na pikipiki. Kama kitabu kinasema tofauti na ukurasa huu, fuata kitabu.

Kabla ya kugusa chochote, simamisha pikipiki mahali palipo sawa, juu ya stendi ya katikati. Zima injini na utoe ufunguo. Sigara na jiko la moto viwe mbali. Tena usiwashe injini ndani ya ghala lililofungwa, maana moshi wake una sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

KILA ASUBUHI: DAKIKA TANO

Kwanza, tazama matairi. Yapime yakiwa baridi, kabla ya safari, kwa sababu upepo ukipata joto hupanda na kipimo hudanganya. Kipimo kimeandikwa kitabuni, na mara nyingi kwenye kibandiko karibu na cheni. Gurudumu la nyuma hutaka upepo zaidi ukiwa na mzigo. Tafuta misumari na miiba.

Pili, jaribu breki zote mbili, ya mkono na ya mguu, uone kama zinashika na kama taa ya nyuma inawaka. Pikipiki nyingi zenye breki za ngoma zina mshale mdogo pale kwenye gurudumu. Ukibana breki na mshale ukafika kwenye alama yake, jua kwamba vibao vya ndani vimekwisha. Usipakie mzigo tena kabla havijabadilishwa.

Tatu, pima mafuta ya injini. Acha injini ingurume dakika 3, izime, ungoje dakika 2 au 3 ili mafuta yashuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kitoe tena usome. Katika pikipiki nyingi hukirudisha bila kukizungusha. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakiwa chini ya alama ya chini, usiende popote. Yakizidi alama ya juu, hayo nayo ni makosa, kwa hiyo usiongeze kwa kubahatisha.

KILA JUMA: CHENI

Hapa ndipo wengi hulegea, nasi twaomba usome polepole. Cheni hukaa karibu na ardhi, ikila vumbi la murram na matope. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama jiwe la kunolea, nalo husaga cheni na meno ya sproketi.

Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, wala usitumie petroli. Ipanguse ikauke, kisha uitie mafuta mazito ya gia, tone kwa tone, upande wa ndani, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Usisafishe cheni kamwe injini ikiwa inazunguka. Tambara likinaswa huvuta kidole, na kidole kilichokatwa hakina spea.

Kisha pima ulegevu. Chukua rula ya mtoto wa shule, uishike karibu na cheni ya chini, katikati ya sproketi ya mbele na ya nyuma. Isukume cheni juu, kisha ivute chini. Kwa pikipiki nyingi, ikicheza milimita 20 hadi 30 ni vyema. Zungusha gurudumu upime mahali patatu au panne, maana cheni haichakai sawasawa, na utengeneze kwa kufuata mahali palipokaza zaidi.

Ikiwa imelegea, fungua kidogo nati kubwa ya ekseli ya nyuma, kisha zungusha nati za kukazia, za kushoto na za kulia, kwa kiasi kile kile. Alama za pande zote mbili zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande nalo litakula tairi. Kaza nati ya ekseli barabara. Halafu jaribu tena breki ya nyuma, kwa sababu ukisogeza gurudumu breki nayo hubadilika.

Wengine hufikiri cheni iliyokazwa sana ndiyo imara. Sivyo. Pikipiki ikibeba mzigo, gurudumu hupanda na kushuka, na cheni isiyo na nafasi huvuta beringi mpaka ziharibike. Nayo iliyolegea sana huweza kuruka kwenye meno na kufunga gurudumu mteremkoni. Angalia pia kile kipini kidogo kinachofunga kiungo cha cheni. Kina upande uliozibwa na upande ulio wazi. Upande uliozibwa lazima uelekee kule cheni iendako.

Mwisho, gonga spoki moja moja kwa spana. Spoki iliyokaza hulia kama kengele, na iliyolegea hulia kwa sauti nzito. Ukiipata iliyolegea, mwonyeshe fundi kabla rimu haijapinda.

KICHUJIO CHA HEWA NA PLAGI

Injini huvuta hewa nyingi, na kichujio ndicho kizuizi cha vumbi. Wakati wa kiangazi kifungue mara kwa mara. Kama ni cha sponji, kioshe kwa maji ya sabuni, kikamue bila kukisokota, kikauke kabisa, kisha ukipake mafuta kama kitabu kinavyosema. Kama ni cha karatasi, usikioshe. Kigongegonge taratibu, na kikiwa kimeziba nunua kingine. Usiendeshe kamwe bila kichujio. Vumbi litaingia kwenye silinda, na injini itaanza kula mafuta.

Plagi nayo ni shahidi mzuri. Injini ikiwa imepoa, ifungue uitazame ncha yake. Rangi ya kahawia ni dalili njema. Masizi meusi na makavu yaonyesha petroli nyingi kuliko hewa, labda kichujio kimeziba. Ikiwa imelowa mafuta ya injini, au ni nyeupe kana kwamba imeungua, mwone fundi. Unapoirudisha, anza kuizungusha kwa vidole, ndipo uimalizie kwa spana, ili usiharibu mikunjo ya silinda.

KUBADILI MAFUTA YA INJINI

Kitabu kitakuambia kilomita za kubadili. Lakini pikipiki ya shamba hufanya kazi ya punda, kwa hiyo tunashauri usipite kilomita 2,000. Badili injini ikiwa na joto kidogo, si moto sana. Weka karai chini, fungua bolti ya kumwagia, uache mafuta yatoke yote. Safisha bolti, tazama wosha yake kama ni nzima, uirudishe, kisha mimina mafuta mapya. Pikipiki nyingi huchukua lita 1 hivi au pungufu kidogo. Pima kwa kijiti kama tulivyoeleza.

Nunua mafuta ya pikipiki yenye unene ulioandikwa kitabuni, utafute maandishi JASO MA kwenye kopo. Katika pikipiki nyingi klachi huzama katika mafuta yale yale ya injini, na mafuta mengine ya magari huifanya iteleze. Mkulima mmoja wa kata yetu alibadilishiwa klachi mara mbili, na bado pikipiki ilishindwa kupanda mlima na mikebe miwili. Mara ya tatu ndipo mtu alipomwuliza ametia mafuta gani.

Mafuta machafu usiyamwage mtaroni wala karibu na kisima. Wala usiyapake ng'ombe mwenye kupe au upele, maana yana masizi na chembe za madini, huunguza ngozi, naye ng'ombe hujilamba. Yatie katika kopo lenye kifuniko, uyapeleke kwenye gereji inayoyakusanya.

YA FUNDI MWACHIE FUNDI

Usifungue injini, wala usijaribu kupima vali au kunyoosha rimu. Ukisikia mlio mpya, ukaona moshi wa buluu au breki isiyoshika hata baada ya kukazwa, mpelekee fundi mapema. Mweleze uliyoyaona, naye hatapoteza muda wake kwa kubahatisha.

ANDIKA DAFTARI

Nunua daftari dogo la shule, uchore safu tatu: tarehe, kilomita, na kazi iliyofanywa. Tuseme waenda kilomita 40 kwa siku, siku 6 kwa juma. Hizo ni kilomita 240. Kilomita 2,000 zitatimia baada ya majuma 8 hivi. Basi hata kama mita ya pikipiki imekufa, kalenda ya ukutani itakukumbusha. Tena siku ya kuiuza, mnunuzi akiona daftari lililoandikwa vizuri atajua kwamba hanunui mzigo wa matatizo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usingoje kununua vyombo vyote. Jumamosi hii chukua brashi, tambara, mafuta ya taa na rula, uanze na cheni.