Mashine Ikikunyima Mkopo, Nani Ameamua?

Makomredi, tuanze na kisa. Muhula uliopita jirani yangu wa hosteli, anayeuza viatu vya mitumba baada ya vipindi, aliomba mkopo wa shilingi 3,000 kwa simu ili akachukue mzigo Gikomba. Jibu lilikuja kabla hajarudisha simu mfukoni: ombi limekataliwa. Sababu? Hakuna. Alipopigia huduma kwa wateja, akaambiwa, "Pole sana, ni sistimu imekataa."

Hiyo sistimu ni nani?

Tangu Safaricom na Commercial Bank of Africa zilipoanzisha M-Shwari mnamo Novemba 2012, Wakenya wamezoea kukopa bila dhamana wala kukanyaga benki. Badala ya meneja kukuhoji, kompyuta hupima jinsi unavyotumia simu na pesa zako. Akili bandia ikitumika katika kazi hii, hulishwa rekodi za wakopaji wa zamani, waliolipa na waliokwepa. Hutafuta mazoea yanayotofautisha makundi hayo mawili, kisha hukupa alama kulingana na kundi unalofanana nalo zaidi. Huo ni ubashiri tu.

Yaani mpaka hapo hakuna kilichoamuliwa. Alama ya chini kabisa ya kupata mkopo huwekwa na watu ofisini. Wakiishusha, wasiolipa wanaongezeka. Wakiipandisha, hasara inapungua, lakini mtu kama muuza viatu wetu anaachwa nje hata kama angelipa. Kuchagua kati ya hayo mawili ni uamuzi wa biashara, na una mwenyewe.

Kuna jambo la pili: mashine hujifunza kutokana na yaliyopita. Mwaka 2018, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliachana na mfumo wake wa kuchuja maombi ya kazi. Mfumo huo ulifunzwa kwa maombi ya miaka 10, mengi yakiwa ya wanaume, ukaanza kuyapunguzia alama yale yaliyotaja wanawake, mfano klabu ya wanawake. Mwaka 2021, kampuni ya Zillow ya Marekani ilifunga biashara yake ya kununua na kuuza nyumba baada ya makadirio yake ya bei kwenda mrama. Karibu robo ya wafanyakazi walipangiwa kuachishwa kazi. Kompyuta haikufutwa kazi.

Sheria yetu inalijua hilo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinasema una haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache. Hata katika hali hizo, kampuni inapaswa kukujulisha kwa maandishi, nawe unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Wengi wetu tutakuwa mameneja siku moja, na tutatumia mifumo hii kwa sababu ina kasi na haichoki. Sawa. Lakini ukiletewa alama, uliza: imejifunza kwa data ya nani? Nani ameweka kiwango? Ikikosea, mteja atazungumza na nani?

Jirani yangu ameandika barua kuomba sababu. Bado anangoja. Viatu alivyonavyo sasa amevinunua kwa pesa za chama, ambako walimkopesha baada ya kumuuliza maswali mawili tu.